Forodhani: Faida ipo kwenye mishikaki kumi ya mwisho

Saa kumi alasiri Forodhani ni bustani tu. Watoto wanakimbizana kwenye nyasi, wazee wamekaa kwenye kuta fupi za mawe wakitazama majahazi, paka wamejilaza chini ya miti wakisubiri zamu yao. Ikikaribia saa kumi na moja na nusu mikokoteni inaanza kuingia: meza, majiko, ndoo, madeli ya barafu, magunia ya mkaa. Vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani wanaendelea kujirusha, ila sasa wanashangiliwa na wageni wenye simu mikononi. Jua linapozama moshi umeshapanda, na bustani imegeuka soko la chakula litakalodumu saa nne au tano, kisha litoweke.

Jina lenyewe ni la kibiashara. Forodha ni mahali pa kukagua shehena na kutoza ushuru, na kwenye ufukwe huu wa Mji Mkongwe ndipo kazi hiyo ilipofanyika. Katika miaka ya 1930 Waingereza walipafanya bustani wakapaita Jubilee Gardens. Mbele ya bustani ipo Ngome Kongwe, na jirani yake Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Njia za mawe na sehemu za kukaa tunazoziona leo zimetokana na ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture uliokamilika mwaka 2009. Historia hiyo utaisoma kwenye vibao. Mimi nilikwenda kuangalia meza.

Nilikwenda na mama, na haikuwa matembezi. Mama ameuza matunda Buguruni, Dar es Salaam, kwa miaka ishirini na ushee. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mafungu ya machungwa. Sasa magoti yanamsumbua, na kuamka saa tisa usiku kuwahi malori kumemchosha. Kikoba chao kimevunjwa na kila mwanachama amepewa chake. Fedha hizo anataka kuziweka kwenye meza ya jioni ya samaki wa kuchoma, karibu na nyumbani. Dada zangu wawili wanaunga mkono. Kaka anasema ni kupoteza mtaji. Mimi, kwa kuwa naandika habari za afya, niliulizwa kama samaki wa barabarani ni salama. Nikajibu inategemea, jibu ambalo mama halipendi hata kidogo.

"Basi twende kwa wanaojua," akasema. Boti ni takriban saa mbili kutoka Dar, na jioni ya siku hiyo hiyo tulikuwa Forodhani.

Mzunguko wa kwanza mama hakununua kitu. Alitembea taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama hakubaliani nao. "Kizuri hakijiuzi gizani," aliniambia, na kitu cha kwanza alichokitazama kwenye kila meza kilikuwa taa.

Zamani Forodhani ilijulikana kwa karabai, zile taa za mafuta za kupampu zinazovuma kama nyuki. Siku hizi taa za betri zimezidi, nyingi nyeupe kali. Kwenye meza moja taa ya namna hiyo ilikuwa imeelekezwa moja kwa moja kwenye samaki, na nyama ya nguru ikawa na rangi ya kijivu. "Hapa samaki kafa mara mbili," mama akanong'ona. Meza ya pili taa ilining'inia juu, usawa wa macho, ikimuumiza mteja na kumulika kofia ya muuzaji badala ya chakula. Meza iliyomsimamisha ilikuwa na taa mbili za manjano zilizowekwa chini, pembeni, zikimulika chakula kutoka kila upande bila kumpiga mtu machoni. Wekundu wa kamba ulionekana, ngozi ya pweza ilionekana zambarau, na kila kipande cha pilipili hoho kiling'aa kama kimetoka kuoshwa.

Nilitegemea atasifu wingi wa vitu. Forodhani kuna meza zilizosheheni kweli: kamba, ngisi, pweza, jodari, mishikaki ya kuku na ya ng'ombe, ndizi, muhogo, mkate wa ufuta, vyote vimepangwa mpaka ukingoni, na juu yake mapambo ya nyanya na matango. Wageni wanazipiga picha. Lakini mama aliwahesabu waliopiga picha wakaondoka, na waliopiga picha wakakaa. Meza iliyojaa sana, alisema, mteja hajui aanzie wapi, na akishaona vitu vingi hivyo saa tatu usiku anajiuliza ni vya leo au vya jana.

Meza yenye taa za manjano ilikuwa na mishikaki kama kumi na miwili tu. Imelala kwenye sinia safi, safu tatu, kila safu rangi yake, na kati ya safu na safu kuna nafasi. Pembeni kuna bakuli la pilipili ya ukwaju lililofunikwa kwa kawa ndogo ya ukindu. Bei zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi, Kiswahili juu na lugha za wageni chini, namba zile zile kwa wote. Muuzaji, mzee wa makamo aliyevaa koti jeupe na kofia ndefu ya mpishi, hakuita mtu. Aliendelea kupepea jiko.

Hapo niseme yangu. Kinachonichosha Forodhani ni kuitwa. Kuna mapapasi na vijana wa meza wanaokufuata kwa lugha tano, wanakushika mkono, wanakwambia wao ndio wa kweli na jirani ni mwongo. Najua wanatafuta riziki. Lakini mtu anayekimbizwa hula haraka, hulipa akinung'unika na harudi kesho. Ule ubao wa chaki ulifanya kazi yote hiyo bila kelele. Familia moja kutoka Pemba, baba, mama na watoto watatu, walisimama mbele yake, wakahesabu kimya kimya, wakaona inatosha, wakakaa.

"Karibuni, mama," mzee akasema.

"Ahsante, baba. Habari za kazi?"

"Njema, alhamdulillahi. Nawani kwanza."

Pembeni ya meza palikuwa na ndoo yenye koki, sabuni ya maji na beseni la maji machafu. Kijana wake alitumwagia maji kwa adabu kama tumealikwa harusini. Nilifurahi kama mwandishi wa afya, nikamsifu. Akacheka. "Dada, aliyekwisha nawa haondoki," akaniambia. "Akishakuwa na mikono safi, anatafuta pa kuitia." Tangu hapo nimeshindwa kuamua kama ndoo ile ni ya kipindupindu au ya mauzo. Nadhani ni ya vyote viwili.

Tuliagiza pweza na nguru. Hakuchukua mishikaki ya kwenye sinia na kutuwekea sahani. Aliiweka jikoni, akaigeuza mpaka ikatoa mvuke, na wakati inaiva akafungua deli chini ya meza, akatoa mingine miwili kutoka kwenye barafu na kuziba nafasi kwenye sinia. Mama alinikanyaga mguu. Alikuwa ameona nilichokiona: ile meza isingeonekana imechoka hata saa nne usiku, kwa sababu kilichokaa juu hakikai muda mrefu, na kilichobaki kiko kwenye baridi.

Kiafya hilo ni jambo kubwa kuliko koti jeupe. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kwa sababu kati ya nyuzi joto 5 na 60 vimelea huzaliana kwa kasi. Usiku wa Unguja uko katikati kabisa ya kipimo hicho. Pweza karibu wote wa Forodhani wamechemshwa nyumbani mchana ili walainike. Jioni wanapata moto wa pili tu. Hakuna ubaya, mradi katikati ya siku wamekaa kwenye barafu na moto huo wa pili umefika mpaka ndani, nyuzi 70 au zaidi. Ubaya upo kwa kipande kilichopangwa saa kumi na mbili kwa ajili ya kupendeza, kikapigwa na upepo na vumbi mpaka saa tatu na nusu, halafu kikapitishwa juu ya jiko dakika moja kwa sababu mteja ana haraka.

Jodari ana mambo yake. Akikaa bila barafu baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yake kemikali iitwayo histamini, na hiyo haiondoki kwa moto. Choma utakavyo, kaanga utakavyo, ipo. Mtu akila, ndani ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Wengi huamini wana mzio wa samaki, kumbe ni samaki aliyekosa barafu kabla hajafika kwenye meza yoyote. Kwa hiyo muuzaji wa jodari anaweza kuwa msafi wa mikono, koti na kisu, na bado akamuumiza mteja kwa kosa lililofanyika botini alfajiri. Mzee wetu haweki jodari. Nilipomuuliza kwa nini, alisema samaki ambaye hakumwona akishuka hamtaki.

Wateja walipopungua, mama alitoa daftari lake la kurasa themanini na kalamu. Aliuliza maswali ambayo mimi ningeona aibu kuyauliza: mkaa kiasi gani, barafu kiasi gani, kijana analipwaje. Mzee alijibu mengine, mengine akayapitisha kwa kicheko. Lakini moja alilijibu wazi. Siku ya kawaida analeta mishikaki arobaini. Ijumaa na Jumamosi sitini. Msimu wa wageni, Julai na Agosti, anaongeza kidogo. Masika, mvua ikinyesha jioni, anabaki nyumbani.

"Mbona watu wanakuja mpaka saa tano, na wewe umebakiza mitano?" mama akamuuliza.

"Saa nne nataka sinia iwe tupu," akasema. "Ikibaki hata sita, mke wangu ataniuliza."

Usiku ule, tukiwa chumbani, mama alinifanyisha hesabu. Namba ni za mfano, aliziweka yeye ili zigawanyike kirahisi. Tuseme mshikaki mmoja, samaki na viungo, umekugharimu shilingi 3,000. Arobaini ni 120,000. Ongeza mkaa, barafu, vijiti, sahani, ushuru, betri na kijana, tuseme 30,000. Umetoka nyumbani na 150,000 iliyolala. Ukiuza kila mmoja 5,000 na kumaliza wote, umepata 200,000, faida 50,000. Ukiuza thelathini umepata 150,000. Yaani umesimama kwenye moshi jioni nzima, umechoma mishikaki thelathini, umechekea watu, na umerudi na fedha zako mwenyewe.

"Kwa hiyo faida yote iko kwenye hii kumi ya mwisho," mama akasema, akaizungushia duara.

Nikaiangalia ile kumi nikaona na kazi yangu iko humo humo. Kwa mtu wa hesabu ni faida. Kwa mtu wa afya ni kiporo. Muuzaji aliyebakiwa na mishikaki kumi saa tano usiku ameshika mkononi siku nzima ya jasho lake, na akiitupa hana kitu. Akiirudisha kwenye barafu na kuichanganya na ya kesho, hakuna atakayejua. Pilipili na ndimu zinaficha mengi. Sisi waandishi tunapenda kuandika kwamba wauzaji wa chakula hawana elimu ya usafi. Wengi wanayo. Wanachokosa ni uwezo wa kutupa. Ukitaka kujua kama chakula cha mtu ni salama, usimuulize kama ananawa mikono, muulize jana alibakiwa na nini na alikifanya nini. Malalamiko ya samaki wa kupashwa moto si mageni kwenye masoko ya usiku, na sikwenda Forodhani kumnyooshea mtu kidole. Nasema tu kwamba aliyeleta themanini ili meza ipendeze amejiwekea mtego ambao aliyeleta arobaini hana.

Mishikaki ya mzee ikibaki huliwa nyumbani usiku ule ule, na jirani mwenye watoto wengi anaijua saa yake ya kurudi. Vipande vya mwisho ni vya paka. Haviingii tena kwenye deli. Tuliambiwa hivyo na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kutuficha, mke wake.

Tulimkuta kesho yake mchana, Ng'ambo, upande wa pili wa iliyokuwa ikiitwa Creek Road, nyuma ya majumba marefu ya Michenzani. Mzee alikuwa amelala. Yeye alikuwa amekaa kwenye kibao uani, ameshawachemsha pweza na kuwapoza, anawakata vipande vya ukubwa mmoja. Kibao cha samaki mbichi kilikuwa kingine, kisu kingine, na alikwisha kukiosha na kukianika juani. Kwenye kinu kulikuwa na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga. Ndimu zimekatwa kwenye bakuli. Kwenye kamba lilining'inia koti jeupe la jana. La leo lilikuwa limepigwa pasi, linangoja mlangoni. Yapo mawili na yanafuliwa kila siku, kwa sababu doa la ukwaju halisubiri.

Alivyotunga! Vipande vinne kwa kijiti, hoho katikati, ncha ya kijiti imebaki wazi urefu wa vidole vitatu ili mteja apate pa kushikia. Vijiti vimelowekwa kwenye maji tangu asubuhi visiungue. Yale mapambo ya usiku niliyodhani ni ufundi wa mzee, yote yalianzia hapa kwenye kibao. Forodhani waliosimama kwenye meza ni wanaume kwa sehemu kubwa, na mpita njia anaweza kuamini kazi ni yao peke yao.

Mama alichukua fungu la vijiti bila kuulizwa, akaanza kutunga naye. Baada ya vijiti kumi hivi akauliza, "Na wewe bibi, kwenye hii biashara unalipwa shilingi ngapi?"

Mwenyeji akacheka sana. Mama hakucheka. Mwenyeji akaacha kucheka, akafuta mikono, akaingia ndani na kutoka na daftari. Ni yeye anayeandika. Kila siku ina ukurasa: pweza, nguru, kamba, mkaa, barafu, vijiti, kijana, ushuru, sabuni. Chini, idadi iliyokwenda na idadi iliyorudi, kwa kalamu nyekundu. Kwenye kurasa za wiki ile, iliyorudi ilikuwa mbili, sifuri, sita, moja, sifuri. Mstari wa aliyekata, aliyesaga, aliyetunga, aliyefua na aliyeandika haukuwepo.

"Hapo ukiniandika mie," akasema, "hiyo faida utaitafuta kwa tochi."

Alikisema kwa utani, lakini hakulifunga daftari haraka. Alituambia miaka ya mwanzo mumewe alikuwa akijaza meza kama wengine, anarudi na nusu ndoo, wanagombana. Ndipo alipomwambia kwamba yeye atatunga arobaini na hatungi zaidi. Mume alinuna kwa siku kadhaa. Baadaye akagundua kwamba meza yenye kidogo inauza haraka, na kwamba anayekuta imeisha leo, kesho anakuja mapema. Nafasi iliyobaki juu ya meza aliijaza kwa kupanua safu.

Niliuliza juu ya maji. Yanatoka bombani kwa zamu, na ya kuoshea kachumbari anayachemsha usiku. Hili watu wengi hulipuuza kwa sababu kachumbari haionekani kama chakula, inaonekana kama pambo. Lakini samaki amepita motoni, nyanya na kitunguu havijapita popote. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulivuka bahari mpaka hapa, na kila ugonjwa huo unapoingia, wauza juisi na vyakula vya wazi ndio wa kwanza kuambiwa wafunge. Mwenyeji wetu anazikumbuka wiki za kukaa bila kuuza. Anasema ndizo zilizomfundisha kuchemsha, si semina.

Msomaji utakayepeleka familia Forodhani, usiogope. Nimekula pale mara nyingi na nitakula tena. Nenda mapema, magharibi inapoingia, wakati majiko yana moto mkali na madeli bado yana barafu. Chagua meza yenye watu wanaokula, hasa wenyeji wenye watoto. Ashike fedha mtu mmoja na chakula mwingine. Omba kichomwe mbele yako mpaka kitoe mvuke, na ukiambiwa "tayari hiki" jibu kwa upole kwamba unasubiri. Juisi ya miwa ni burudani, ukiona miwa imemenywa na kuoshwa, mashine haina mabaki ya mchana na barafu haijatoka kwenye ndoo ya kuoshea glasi. Ukikosa uhakika wa barafu, inywe bila barafu, ndimu na tangawizi vinatosha. Ile chapati ya kukunja yenye mayai na nyama ya kusaga wanayoiita Zanzibar pizza inapikwa palepale kwenye bati la moto, ndiyo maana naipendekeza kwa watoto wadogo kuliko pweza. Urojo kula ukiwa wa moto, na epuka chatne iliyokaa wazi.

Asubuhi ya kuondoka tulipita Darajani, soko kuu lililojengwa mwaka 1904. Ilikuwa siku za maji mafu, bahari haitoki mbali, na wanawake wanaotafuta pweza miambani kwa miguu hawapati kitu mpaka bamvua lirudi. Pweza walikuwa wachache na bei ilikuwa imepanda. Tulimwona mzee wetu amesimama mbele ya samaki, hana koti wala kofia, ni mtu kama wengine. Alimnyanyua pweza mmoja, akambonyeza, akamnusa, akauliza bei, akamrudisha. Mwishowe alinunua wawili wadogo na nguru nusu. Leo hazifiki arobaini, akatuambia. Labda ishirini na tano.

"Na meza?" mama akauliza.

"Ntatandika kitambaa cheupe, nipange mbali mbali."

Mama alinunua kawa mbili za ukindu, akabishana mpaka muuzaji akachoka, akakataa ya tatu aliyokuwa akipewa kwa bei ya kutupa. Ubao wa chaki alisema atachongewa na fundi wa mtaani. Taa atanunua Kariakoo, za manjano. Amekata shauri kuanza na jioni tatu kwa wiki, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mishikaki ishirini, nguru na kuku tu, na Buguruni haachi mpaka aone miezi mitatu. Pweza hamtaki kwa sasa. Kaka alipopigiwa simu alisema ishirini ni michache mno, mtu gani atasimama kwenye meza ya mishikaki ishirini. Mama alimjibu kwamba hajawahi kurudi nyumbani na ndoo ya kitu kisichouzika, ndiyo maana anasema hivyo.

Kwenye boti alifungua daftari juu ya magoti. Akaandika nguru, kuku, mkaa, barafu, vijiti, hoho, sabuni. Chini yake akaandika "wa nyumbani", akaacha nafasi ya bei. Akaniuliza mtu anayekata, anayetunga na anayefua alipwe ngapi kwa jioni moja. Nilimwambia tuwapigie kwanza dada zangu, wale wanaounga mkono.